Sketi Zisizokunjika

Mwalimu Edeltruda aliingia na boksi la keki,
ndani hamna keki.
"Fundi Kibwana, hii inaitwa tutu.
Nataka kumi na moja kabla ya Krismasi."
Nikaishika kwa ncha za vidole
kama mtu aliyepewa kuku aliyekwisha nyonyolewa
akaambiwa, rudisha manyoya.

Miaka ishirini na sita hapa Magomeni Mikumi
nimeshona kaki, kanzu, madera,
sare za kwaya mbili zilizogombea rangi moja.
Sijawahi kushona kitu ambacho kazi yake
ni kukaa mbali na mwili wa mwenyewe.
Nguo inajitutumua!
Haifuniki magoti, haizuii baridi (baridi ipi?),
haina hata mfuko wa kutia nauli.

Nikaifumua. Ndivyo tunavyosoma sisi.
Matabaka kumi ya neti,
kila la chini fupi kuliko la juu yake,
na katikati waya mwembamba umepita kama siri.

Kariakoo, Mtaa wa Kongo, mwenye duka akauliza,
"Harusi?"
Nikamwambia, harusi kumi na moja,
bibi harusi mkubwa ana miaka kumi na miwili,
bwana harusi hayupo hata mmoja.
Akanipunguzia mia kila mita
kwa sababu ya kucheka.

Neti ikawa laini kama uongo wa adabu.
Nikaichemshia wanga wa muhogo, nikaianika;
asubuhi ilisimama kama jogoo,
saa nane mchana joto la Desemba limeilaza chali.
Nikaongeza wanga. Nzi wakaipenda.
Aliyeniokoa ni mama Tumsifu, mpiga pasi wa jirani:
"Acha kuilisha. Ishikize.
Mshono mmoja mmoja, tabaka kwa tabaka.
Ndugu wakishikana, wanga wa nini?"

Tumsifu wake naye alikuwa theluji.
"Theluji ndiyo nini?" nilimuuliza nikimpima kiuno.
Akafikiri. Pini mbili zilisubiri mdomoni mwangu.
"Ile inayoota kwenye friji la bucha,
siku ikipewa likizo."

Tarehe ishirini na tatu, ukumbi wa parokia, Upanga.
Nimevaa kofia yangu ya Ijumaa,
nimekaa mstari wa mwisho chini ya feni inayolalamika,
nahesabu kazi yangu inavyoingia:
moja, mbili, ya tatu imeinama kushoto,
nilijua, nilijua ile ya tatu.
Kinanda kikaanza.
Viatu vya kitambaa vyenye viraka
vikagusa mbao kama mvua inayobisha hodi.
Theluji ikazunguka, ikazunguka,
mpaka mzee mmoja mbele yangu
akafunga kifungo cha juu cha shati.
Na mimi, tangu Tumsifu aliporuka
hadi aliposhuka,
hesabu ilinipotea. Bado sijaipata.

Baada ya sikukuu zilinirudia zote.
Hazikunjiki, hazitaki kabati.
Nimezining'iniza darini, viuno chini,
na Januari hii wazazi wanaoleta watoto kupimwa
wanainama wakipita.
"Fundi, siku hizi unauza miavuli?"
Nasema ndiyo,
ya mvua ambayo haijafika.

Mezani ziko sare: bluu, marinda manne mbele,
urefu chini ya goti, kama shule ilivyoagiza.
Moja nimeiandika jina kwa chaki.
Ndani ya pindo lake, mwalimu wa zamu asipoweza kuona,
nimepitisha ukanda wa neti, upana wa vidole viwili.
Mtoto akitembea, haisemi kitu.
Akikimbia tu ndipo, shwa, shwa,
kwa sauti ya chini, yake peke yake.

Na yule mtoto huchelewa shule kila siku.
Atakimbia.